Mzee wa Mifupa na Mnyama Mwenye Kuba

Alikuwa akitembea akiangalia chini. Si kwa haya, maana haya hakuwa nayo hata chembe, wala si kwa huzuni. Ilikuwa ni kazi. Mtu anayelipwa kutazama ardhi hawezi kuiacha ardhi eti kwa sababu amerudi Nairobi. Alifunga mikono nyuma, akainamisha shingo, akashika Barabara ya Jogoo kwa hatua fupi fupi, na wafanyakazi waliokuwa wakikimbilia viwandani wakampita kulia na kushoto wakimlaani kimoyomoyo. Pale mtaani kwetu Mbotela, aliyepoteza kitu hakuhangaika sana. Alikwenda kubisha mlangoni kwa mtu huyu. Hereni, ufunguo, kifungo cha koti, hata jino la dhahabu la mwenye duka la mafuta ya taa, vyote aliviona yeye.

Tatizo lilikuwa moja. Katika kazi yao ya kutafuta mifupa ya kale, mtu akiona mfupa haruhusiwi kuugusa. Anapanga vijiwe pembeni, anageuka, anakwenda kuita wenzake ili wote watazame kwanza ulivyolala. Naye alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi mno, mwili wake ukakataa kujifunza tabia nyingine. Siku moja aliona pochi ya mtu imeanguka karibu na kituo cha basi, imenona. Akapanga vijiwe vyake vizuri, kisha akaja mbio mpaka barazani kwangu.

"Mama Zuhura, njoo uone. Kuna pochi."

"Iko wapi?"

"Nimeiwekea mawe."

Tulipofika tulikuta mawe. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akanuna juma zima, akisema kwamba kule kaskazini anakofanya kazi watu wana adabu.

Mtaani tulimwita Mzee wa Mifupa. Jina lake halisi nalijua, lakini hapa silitaji, kwa kuwa kisa chenyewe kinahusu jina na si langu kulitumia ovyo. Alikuwa mmoja wa watu wanaotafuta mifupa ya kale, ile iliyolala ardhini mpaka ikageuka mawe. Kila mwaka ulipofika msimu wao, yeye na wenzake walipanda lori wakaenda upande wa Turkana, wakakaa kwenye mahema, wakatembea jangwani kutwa nzima. Miezi mingine alifanya kazi hapa hapa jijini, katika karakana ya jumba la makumbusho, akiisafisha mifupa ile ile waliyoileta. Akirudi kutoka kaskazini alikuwa mweusi kuliko alivyokwenda, amekonda, ana vumbi mpaka ndani ya masikio, na ana maneno ya kutosha mtaa mzima.

Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta mmoja wa nyumba za kaunsili. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba hivi kwamba yeye akipiga chafya, mimi ndiye niliyemwombea heri. Mimi ni fundi wa nguo, Mwislamu, mzaliwa wa Pumwani, na cherehani yangu ilikaa barazani ili nisipitwe na jambo. Yeye na mkewe walikuwa Wakristo kutoka magharibi, upande wa Bungoma. Siku za Idi waliletewa pilau, siku za Krismasi tukaletewa soda na mkate, na katikati ya hapo tulipeana chumvi, makaa na habari za watu.

Alikuwa mtu wa majivuno, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, maana hata yeye angekubali. Alijivunia alivyopiga pasi suruali. Alijivunia redio yake, kwamba ilishika stesheni ambazo redio za wengine hazikuwahi kuzisikia. Alijivunia ugali wake wa wimbi, akadai kwamba hakuna mwanamke wa Nairobi angeweza kuusonga hivyo, na mkewe akamtazama tu. Kwa mambo madogo alijipiga kifua mpaka ikawa kero. Lakini ukimsifu kwa jambo kubwa, kwa mfano kwamba mfupa fulani ulio katika picha za magazeti aliuona yeye kwanza, aliuliza bei ya vitunguu.

Mifupa ya kitoweo hakuila. Alitoka kwa watu wanaompenda kuku mpaka wanatungiwa utani, lakini yeye alikula minofu tu, mfupa akausukuma pembeni ya sahani kana kwamba umemkosea. Nilimuuliza sababu. "Mfupa ni kazi," akasema. "Kwani wewe unakula cherehani?"

Watu waliosikia jina lake bila kujua kazi yake walimletea miguu iliyoteguka. Akina mama walitoka hata Mathare wakiwa wamebeba watoto waliovunjika mikono, wakauliza daktari wa mifupa anakaa wapi, na watu wakorofi wakawaelekeza kwake. Naye aliutazama mkono kwa makini, akaugeuza kidogo, akasema, "Huu bado mbichi. Mimi natibu waliokauka." Kisha alivaa viatu akawasindikiza mpaka zahanati, akasimama nao kwenye foleni, akawasimulia habari za viboko wa kale mpaka wakaitwa.

Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyeuza mboga za kienyeji sokoni, mrenda na kunde na managu. Ukimkuta anachambua mrenda wake ungedhani anahesabu nywele za mtoto. Mtoto hakuwa naye. Kwetu mtaani mwanamke huitwa kwa mtoto wake: mimi Mama Zuhura, wa mkono wa kulia Mama Otieno, wa mbele Mama Njeri. Yeye wengine walimwita Mke wa Mzee, vijana wakamwita Mathe wa Mifupa, na wenye ulimi mchafu walikuwa na jina lingine ambalo silirudii. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote ile bila kulijua jina alilopewa na wazazi wake, na sikuona ajabu.

Habari ya kutopata mtoto, Mzee aliizungumzia wazi kuliko mkewe. Alinieleza barazani, mimi nikiwa napinda sketi za shule, kwamba katika ukoo wao mtu akifa jina lake hupewa mtoto atakayezaliwa baadaye, na kwa njia hiyo haondoki kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa na jina la babu yake. Utotoni, bibi yake alikuwa akimwita "mume wangu" na kumpa kiti. Sasa hakuwa na mwana wala binti, lakini nyumbani alikuwa na ndugu mwenye wana wengi.

"Mimi sitaacha shamba, Mama Zuhura. Sitaacha ng'ombe. Nitaacha jina tu. Mjukuu wa ndugu yangu atalichukua."

Alisema hivyo bila mzaha, naye alikuwa mtu wa mzaha. Nikajua kwamba jambo hilo ndilo lililomlaza na kumwamsha.

Mimi niliingia katika mambo ya mifupa kwa njia ya uzi. Walihitaji mifuko midogo ya kitambaa cha marekani ya kutilia vipande, na mito ya kujazwa mchanga, ili fuvu likilazwa juu yake lisivunjike. Hapo awali waliinunua mahali fulani, ikawa inafumuka. Mzee akaniletea mmoja, akautupa juu ya cherehani kama mtu anayetupa panya. "Tazama upuuzi huu." Nikautazama. Mshono ulikuwa mmoja, wa kubahatisha. Nikamshonea mwingine kwa mishono miwili na kuupindia ndani, na tangu siku hiyo mifuko yote ya msimu ilitoka barazani kwangu. Nimewashonea maharusi wa Kaloleni mpaka Ofafa, lakini nikiulizwa kazi yangu kubwa ni ipi, natangulia kutaja mto wa mchanga wa mnyama mwenye kuba.

Sasa huyo mnyama. Mzee alikisimulia kisa chake mara nyingi, na kila mara alianza na kosa lake mwenyewe, jambo ambalo kwa mtu mwenye majivuno vile lilinishangaza kila nilipolisikia.

Alikuwa akitembea kwenye mteremko wa kilima, jua limeshapanda, alipoona kitu cha mviringo kimechungulia kutoka ardhini. Laini, cha rangi ya kahawia, kimejikunja kama paji la uso. Ni lazima mtu aelewe kwamba kwa miaka mingi kundi lao lilikuwa likitafuta mafuvu ya binadamu wa kale, na macho yao yote yalikuwa yamefunzwa kutamani kitu hicho kimoja. Moyo ukamruka. Akapanga vijiwe kwa haraka mpaka akachubuka vidole, akakimbia kambini akawaambia wenzake amepata mtu. Wakaja wote. Wakapiga magoti, wakatazama, wakakubaliana: paji la uso la mtu wa kale, tena limetimia. Mbuzi akachinjwa. Wakaimba.

Mkuu wao, mwanamke msomi tuliyezoea kumwita Daktari tu, alikuwa upande mwingine wa bonde. Aliporudi alipelekwa pale kwa shangwe. Mfupa aliutazama kidogo, kilima akakitazama sana, akaokota mawe mawili matatu akayageuza mkononi. Kisha akasema kwa upole, "Mzee, mawe haya ni ya zamani mno. Hapa mtu hajazaliwa bado. Hizi ni siku za dinosaria."

Mbuzi alikuwa tayari sufuriani.

Wenzake walimcheka msimu ule na uliofuata. Kila alipoona kitu waliuliza, "Ni mtu?" Naye hakujitetea. "Daktari alisoma kilima, mimi nilisoma matamanio yangu," aliniambia. "Niliona nilichotaka kuona, na wale wengine wakaona nilichowaambia." Baada ya hapo alianza kuongeza neno "nadhani" mwishoni mwa kila habari ya mifupa, hata zile alizokuwa na uhakika nazo.

Aliomba apewe jiwe lile alisafishe yeye. Daktari akakubali. Basi akakaa nalo karakanani, ana sindano na brashi ndogo, akitoa punje ya mchanga baada ya punje, mwaka ukaisha na mwingine ukaingia. Jioni alipita barazani kwangu kutoa taarifa kabla hata hajafika kwake. "Leo nimetoa nundu moja nyuma." "Leo nimefika kwenye jicho." Lile paji la uso lilikuwa kuba la mfupa mtupu, nene kama ngumi ya mtu mzima, na kulizunguka kulikuwa na safu ya nundu kama shanga. Mnyama mwenyewe hakuwa mkubwa, labda wa kimo cha ndama, mwenye kutembea kwa miguu miwili na kula majani.

"Na kuba lote hilo la nini?" nilimuuliza.

"Umewahi kuona mafahali wanavyopiganishwa kule kwetu magharibi? Kichwa kwa kichwa, watu wakipiga filimbi? Huyu naye alikuwa hivyo." Akafikiri. "Nadhani."

Vijana wa kona, ambao walikuwa wamewaona dinosaria wenye meno marefu kwenye vibanda vya video, hawakuridhika.

"Niaje, buda. Hiyo dino yako inauma?"

"Inakula majani."

"Manze, sasa hiyo ni dino ama ni mbuzi?"

"Njoo ikugonge na hicho kichwa, kisha utaniambia kama ni mbuzi."

Wakacheka, naye akaenda zake ameridhika. Kwa jinsi alivyomtetea mnyama yule, ungedhani ni wa zizini kwake.

Jumamosi moja Daktari alikuja mwenyewe Mbotela, ana mkate, sukari na majani ya chai, kama mtu aliyelelewa vizuri. Aliketi kwenye kiti cha mbao nyumbani kwa Mzee, na mimi nikaitwa kwa sababu ya mito yangu. Akaeleza kwamba alikuwa amechunguza na kuwauliza wenzake wa nchi nyingine, na hakuna aliyewahi kumwandika mnyama wa namna ile. Ni mpya. Hana jina. Na anayemwandika kwanza ndiye anayempa jina, ambalo likishatangazwa halifutwi.

"Nataka apewe jina lako, Mzee," akasema. "Uliyemwona ni wewe, na uliyemtoa kwenye jiwe ni wewe. Lakini siwezi kuandika jina la mtu bila ruhusa yake."

Mzee aliinua kikombe akakirudisha bila kunywa. Chai yake ilimwagika kwenye kisahani akaiacha hivyo hivyo. Mwishowe akasema atafikiri.

Yeye alifikiri, mtaa haukufikiri. Kufikia kesho yake habari zilikuwa zimefika mpaka Mukuru. Kinyozi alichora mnyama mwenye kichwa cha mviringo kwenye kibao chake, akatangaza mtindo mpya wa kunyoa. Mwenye duka la mafuta ya taa, kwa ajili ya lile jino lake, alimwambia kila mteja kwamba yeye na Mzee ni watu wa karibu sana. Mimi nilishona siku hizo huku nimeinua kidevu. Tulikuwa watu wa mtaa ambao magazeti yaliukumbuka tu maji yakikatika au mtu akiuawa. Sasa kitu kilichokaa ardhini tangu kabla ya binadamu kilikuwa kinakwenda kuitwa kwa jina la jirani yangu, na nilitaka dunia nzima ijue.

Habari zikafika na Bungoma. Ndugu yake akashuka kwenye basi asubuhi ya Jumapili, amevaa koti na tai, na walipotoka kanisani wakaketi kuzungumza. Mke wa Mzee alikuja kunigongea. "Mama Zuhura, njoo ukae karibu nami. Nikiwa peke yangu nitameza maneno." Nikajifunga leso nikaenda.

Nilitarajia kumkuta mtu mkali nimchukie. Hakuwa mkali. Alikuwa mzee mwenye sauti ya chini, aliyemshika ndugu yake mkono kabla ya kuanza.

"Ndugu yangu, sikuja kukuharibia sherehe. Nimekuja kuuliza. Huyo mnyama ana kizazi?"

"Hana. Waliisha."

"Wote?"

"Wote."

"Basi unataka kulichukua jina la babu yetu ulipeleke kwa walioisha."

Mzee akasema kwamba ni heshima, kwamba litaandikwa vitabuni, kwamba Daktari amesema litasomwa dunia nzima.

"Dunia nzima italisoma," ndugu yake akakubali. "Na nani ataliita lije kula? Jina la kwetu anapewa mtoto, na anapewa mwenye jina akishatangulia kaburini. Wewe uko hai. Ukilitoa sasa, umejizika. Na ukilitoa kwa mnyama aliyekatika uzao, umelifungia mlango huko huko. Mimi sitaweza kuwaambia wanangu wampe mtoto jina hilo. Wazee watakataa, na nitakuwa upande wao. Usije ukasema sikukwambia."

Alisema bila kuinua sauti, na hilo ndilo lililofanya maneno yawe mazito. Mzee aliinamisha kichwa akatazama sakafu. Nilimzoea akitazama chini, lakini siku hiyo hakuwa akitafuta kitu. Kulia palikuwa na jina lake vitabuni, jina la mtoto wa mkulima, mtu aliyeacha shule mapema na kuajiriwa kubeba maji ya kambi. Kushoto palikuwa na mtoto ambaye hajazaliwa, atakayeitwa jioni aje kula. Asingeweza kuvipata vyote viwili, na nilimwonea huruma.

Mkewe alikuwa akimimina chai. Akaliweka birika chini.

"Shemeji, naomba kuuliza."

"Uliza, shemeji."

"Mimi nikifa, jina langu atapewa nani?"

Ndugu yake Mzee akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Shemeji, mila unaijua."

"Naijua. Nauliza ili isemwe."

Ndugu yake Mzee akakiweka kijiko chini. Kisha akasema, na naamini ilimuuma kusema, "Jina la mwanamke ambaye hakuzaa, hapewi mtoto."

"Asante. Basi jina langu halina anayelingoja. Hakuna wa kulililia wala wa kulizuia." Akamgeukia mumewe. "Huyo mnyama hana mtoto, na mimi sina mtoto. Hatutaharibiana. Mpelekee Daktari jina langu. Mwambie ninaitwa Nasambu."

Ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile ya kupeana chumvi.

Mzee alisimama. Akaketi. Akasimama tena. "Unasema kweli?"

"Nimesema."

Ndugu yake alilipima jambo lile kichwani, nikamwona akilizungusha huku na huku akitafuta lilipovunja sheria. Hakupaona. "Hilo," akasema mwishowe, "mila haina neno nalo." Akanywa chai yake. Mzee alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Nami nilijivunia kuwa mwanamke siku ile kuliko siku yoyote ninayoikumbuka, pamoja na siku niliyozaa.

Wapo walionong'ona kwamba mwanamume amejiokolea lake akauza la mkewe. Niligombana nao barazani, na mmoja nilimrudishia kitambaa chake bila kukikata. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ukuta. Kila asubuhi ya juma lile nilimsikia Mzee akimuuliza mkewe tena kama hajabadili nia, na kila asubuhi nilimsikia mkewe akimjibu, "Kunywa chai uende kazini." Siku ya mwisho alimjibu hivi: "Wewe umeshika jiwe hilo miaka miwili bila kuchoka. Mbona swali moja unalirudia kama redio mbovu?" Hapo akakoma.

Daktari alikubali. Aliniambia baadaye kwamba Mzee alipofika ofisini alikuwa ameyakariri maneno yake kama mtoto wa shule, na alipofika kwenye jina lenyewe alilitamka taratibu ili lisikosewe herufi. Wakaliunganisha na mkia wao wa Kilatini, wakaliandika, likatangazwa. Redio ya Mzee ililitaja, na angalau siku hiyo alikuwa na haki ya kujivunia stesheni yake. Kule sokoni wanawake waliacha kumwita Mke wa Mzee. Walimwita Nasambu, na wateja wakaagiza mrenda kwa Nasambu. Yeye alijibu kana kwamba ndivyo alivyoitwa siku zote.

Mzee mwenyewe aliendelea vile vile. Alijisifu kwa pasi. Alipanga vijiwe. Mgeni alipomuuliza kuhusu mnyama alieleza nundu, kuba na mafahali, akaeleza mbuzi aliyechinjwa bure. Jina lilipotajwa alisema tu, "Muulizeni mwenyewe, yuko sokoni." Kama lilimuuma kulikosa, sikuwahi kulisikia, na ukuta ule haukuficha mengi.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nimehamia Eastleigh kwa binti yangu, yeye amestaafu, na wao walikuwa wakijiandaa kurudi magharibi kabisa. Alinitumia salamu kwamba kabla ya safari wanakwenda kumuaga mnyama, ambaye sasa alikuwa amewekwa ndani ya kioo kwenye jumba la makumbusho ili watu wote wamwone, na kwamba haitakuwa sawa waende bila mimi. Nikavaa buibui jipya.

Tulikuta kundi la watoto wa shule ya msingi, wa mitaa ya kwetu, niliwajua kwa sare kwa kuwa sare zile nimezishona sana. Mwalimu wao, kijana mwenye sauti kubwa, alikuwa akiwapitisha kutoka kioo kimoja hadi kingine. Nasambu alikuwa amechoka ameketi kwenye benchi, mkoba magotini. Mimi na Mzee tulisimama nyuma. Watoto walipofika kwenye fuvu lenye kuba wakasukumana kuona, na mwalimu akasoma kibandiko. Mkia wa Kilatini ukampiga chenga, akaukata.

"Tuseme hii sehemu ya kwanza tu. Na-sa-mbu. Semeni."

"Na-sa-mbu," wakasema.

"Sijawasikia."

"Nasambu." Jumba zima likaitikia.

Nilimtazama yule mwanamke kwenye benchi. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Huyo Nasambu alikuwa nani?" msichana mmoja akauliza. "Alikuwa malkia?"

Mwalimu akainama kusoma maandishi madogo, lakini hakuhitaji kuyamaliza. Nasambu alisimama na urefu wake wote. "Ni mimi," akasema.

Watoto wakageuka. Walimtazama yeye, wakalitazama fuvu, wakamtazama yeye tena, kama wanaotafuta wanapofanana. Mwalimu alikuwa na akili, nampongeza. Hakuuliza swali. Aliwaambia, "Basi msalimieni."

"Shikamoo, Nyanya Nasambu," wakasema wote kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu."

Wakamzunguka. Mmoja akamshika mkono, mwingine akashika ncha ya leso yake, na yule msichana akataka kujua kama mnyama alikuwa akimjua. Nasambu aliwajibu mmoja mmoja, akauliza kila mtoto anaitwa nani, na kila jina alilirudia kabla ya kupokea lingine.

Mwalimu akatugeukia sisi tuliobaki nyuma. "Na wewe, mzee?" akamuuliza jirani yangu kwa heshima. "Una uhusiano gani na huyu mnyama?"

Nikajiandaa. Nilijua kinachokuja: kilima, vijiwe, mbuzi, sindano, ile miaka miwili. Alikuwa na haki ya kuyasema yote, na watoto wangemsikiliza mpaka jioni. Mzee wa Mifupa alirekebisha kola yake, akanyoosha mgongo, na safari hii hakutazama chini.

"Mimi," akasema, "ni mume wake Nasambu."